Nani wa Kwanza Kutwanga Maji kwenye Kinu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sijui kama huko uliko shikamoo inafika, lakini nakujua: mtu asiyeamkia hukumsikiliza, hata awe amekuja kukwambia nyumba inaungua. Kwa hiyo naamkia kwanza, nasubiri kidogo, ndipo niendelee.

Naandika nikiwa kwako Mgeta, kwenye meza yako, nimekalia kile kiti ulichofunga mguu kwa kamba ukaahidi kukitengeneza wiki ijayo, miaka kumi na kitu iliyopita. Nimefika asubuhi na mapema, kwa pikipiki. Shangazi Skola amenipa chai, amenitazama, halafu amerudi kwake kupukuchua njegere bila kuniuliza chochote. Unamjua dada yako. Akinyamaza ujue mambo si mazuri. Mlango uko wazi, ukungu umeshuka mpaka kwenye mstari wa kabichi za jirani, na pembeni ya mlango kipo kile kinu. Nitafika kwenye kinu. Kwanza nikwambie kilichonileta.

Jumatano nilikuwa na kidato cha tatu, nafundisha nahau. Nilifanya kama ninavyofanya kila mwaka: nahau upande wa kushoto wa ubao, maana upande wa kulia. Kula chumvi nyingi, kuishi miaka mingi. Kupiga moyo konde, kujikaza. Kutwanga maji kwenye kinu, kuhangaika bure, kufanya kazi isiyokuwa na matokeo. Nilipogeuka nikakuta binti mmoja wa dawati la mbele amenyoosha mkono. Ni mtoto mpole, hata akiumwa haombi ruhusa.

"Mwalimu," akasema, "nani alikuwa wa kwanza kutwanga hayo maji? Maana lazima kuna mtu alimwona mwenzake anayatwanga."

Lilikuwa swali lako, Baba, neno kwa neno, na limetoka kwenye kinywa cha mtoto ambaye hakuwahi kukuona. Darasa likacheka. Mimi nilishika ukingo wa meza. Nilichomjibu ni jibu ambalo wewe ungenikalisha chini kwa ajili yake: "Andika kama ilivyo ubaoni." Akaandika. Kengele ikalia nikiwa bado nimesimama palepale na chaki mkononi, na tangu siku hiyo sijapata usingizi wa maana.

Unakumbuka ile chupa? Nilikuwa darasa la nne. Mama alikuwa sokoni, na wewe ulikuwa umesoma mahali fulani nahau ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukaniita jikoni, ukaniambia nivue shati, ukachukua chupa ya mafuta ya nazi, ukailowesha kitako na kuanza kunisugulia mgongoni. "Yanafika?" ukauliza. Nikasema hayafiki, yanateleza tu. Ukafurahi kama mtu aliyevumbua kitu. "Umeona sasa? Anayepakwa anadhani anapakwa. Aliyesema maneno haya alishawahi kupakwa huyu." Mama aliporudi alitukuta sakafu nzima inateleza, na mafuta ya mwezi mzima yamekwisha mgongoni kwangu na kwenye shati lako. Alituangalia tu, akachukua ndoo na tambara. Ulikula ugali bila mboga siku hiyo, na ulikula huku unacheka.

Ndivyo ulivyokuwa. Wenzako walimu wa shule ya msingi walifuga nguruwe, walilima karoti, walijenga. Wewe ulifuga misemo. Ulikuwa na madaftari makubwa yale ya jalada gumu, na kila msemo ulikuwa na ukurasa wake: nani alisema, wapi, na kitu gani kilionekana kwa macho kabla maneno hayajazaliwa. Uliwasimamisha akina mama kwenye njia ya mteremko, matenga ya njegere yakiwa kichwani, ukawauliza kuhusu maneno. Na wao, kwa heshima ya Mwalimu, walisimama wakajibu, shingo zinatetemeka. Uliamini kwamba mtu hawezi kusema kitu ambacho hakuna aliyekiona. Nilipoenda chuo kusoma Kiswahili nikarudi na maneno makubwa, taswira, ubunifu, tamathali, ukanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kabisa, halafu ukaniuliza, "Kwa hiyo nyinyi huko chuo mnadhani watu walikuwa wanakaa tu wanatunga?"

Kuhusu kutwanga maji tulibishana miaka mingi, na ukweli ni kwamba nilipenda ubishi ule kuliko mazungumzo mengine yoyote tuliyowahi kuwa nayo. Mimi nilisema hakuna aliyewahi kuyatwanga. Nahau inakuwa na nguvu kwa sababu jambo lenyewe haliwezekani, nikakwambia. Ni ujinga uliotungwa makusudi ili ucheke. Wewe ulisema hakuna mwanamke mjinga kiasi hicho, na kama angekuwepo mama mkwe wake angemnyang'anya mchi. Ukaenda kuuliza. Mama mmoja wa Gairo aliyekuja kuuza karanga mjini alikwambia ilitokana na mwaka wa njaa, kwamba akina mama walitwanga maji ili watoto wasikie mchi na watulie wakijua chakula kinakuja. Uliiandika, lakini hukuiamini. Ulisema mtoto mwenye njaa anajua sauti ya mahindi na anajua sauti ya maji. Mwenye duka la vitambaa mjini, Mhindi ambaye ulinunua kwake sare zangu zote, alikwambia kwao wanasema kusukasuka maji kutafuta siagi. Ulirudi na habari hiyo kama umebeba zawadi. Na mimi baadaye nilisoma kwamba Waturuki na Warusi, watu wa theluji, wana msemo huu huu wa kutwanga maji kwenye kinu, hivi hivi ulivyo. Nilikupigia simu kukwambia. Ukasema, "Basi wametwanga watu wengi."

Mama alipofariki, vyombo vyake vya jikoni vilichukuliwa na ndugu zake, ndivyo ilivyo huku kwetu, na kinu chake kikaenda pamoja navyo. Hukulalamika. Lakini mwaka ule uliostaafu ulikwenda kwa Mzee Pius, yule mchonga vinu wa ng'ambo ya mto, ukaagiza kinu kipya. Nilikucheka. Mzee mwenye umri wako, anayeishi peke yake, mashine ya kusaga iko hatua chache tu kutoka mlangoni, anataka kinu cha nini? Ukasema unataka kukiona tangu gogo mpaka unga. Ulikwenda kukaa kwa Mzee Pius siku nzima nzima, umekaa kwenye mabanzi na daftari lako, unamuuliza maswali mpaka mtu wa watu akawa anajificha.

Halafu ukanipigia simu. Ilikuwa Jumatatu, mapumziko ya saa nne, nimesimama nje ya ofisi ya walimu, chapati mkononi.

"Nimekipata," ukasema.

"Umepata nini?"

"Aliyetwanga maji. Nimempata, na si mjinga. Njoo Jumamosi."

"Niambie sasa hivi, Baba."

"Sikwambii kwa simu. Nataka uone kwa macho yako, halafu uniombe radhi."

Ulikuwa unacheka. Nikakwambia Jumamosi hiyo nina mitihani ya kusahihisha, labda ile nyingine. Ukasema haya, maji hayaozi. Alhamisi yake Shangazi akanipigia kwamba umeanguka shambani, na mdomo umekwenda upande.

Sitasimulia hospitali. Ulikuwepo, na nadhani uliona kuliko mimi. Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye sauti ya upole. Alinieleza kwamba kiharusi kimepiga upande wa maneno. Nilimwelewa vibaya kwa makusudi. Nikamwambia Baba yangu ni mwalimu, ana madaftari kumi na saba ya maneno. Akasema pole, dada.

Lilikubakia neno moja tu. "Haya." Ukitaka maji, haya. Ukiumia, haya. Wageni wakija kukupa pole, haya, haya, na wao wakitoka wanasema Mwalimu anaendelea vizuri, anaitikia. Nilikuweka kwangu Mafiga, mjini, wiki sita. Kila asubuhi ulikaa barazani ukaangalia milima, na kila jioni ulinionyesha milima kwa mkono wa kushoto, ule uliokuwa bado wako, mpaka nikakubali kukurudisha. Shangazi akasema atakuangalia, mlango wake na wako si inatazamana. Na mimi nikaahidi Jumamosi zote.

Nilitengeneza kadi. Nilikata picha kwenye magazeti ya zamani na vitabu vya watoto, nikabandika kwenye makasha ya sabuni: kikombe, jembe, kuku, mwavuli, kiatu, jua. Nikaziweka kwenye boksi la viatu. Kila Jumamosi nilipanda lori linalokuja kubeba mboga, nikakaa mbele na dereva, nikashuka pale njia inapoishia nikapanda mteremko kwa miguu. Dereva alikuwa anapiga honi pale konani, chini ya kwako, ili wapakiaji wajiandae. Shangazi aliniambia kwamba ukiisikia honi ile ulikuwa unajinyoosha kwenye kiti na kuvuta boksi karibu. Nilikuwa nakukuta umenyolewa, umevaa shati la mikono mirefu, umekaa kama mwanafunzi aliyewahi namba.

Tulianza saa nne. Kikombe, Baba. Ki-ko-mbe. Uliangalia midomo yangu. Uliona picha, ulijua ni nini, kwa sababu ukinionyesha kiu ulikuwa unaigusa. Neno ndilo halikuja. Ulikuwa unalitafuta, nikiona kabisa unalitafuta, kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni huku mvua inanyesha. Halafu ulikuwa unasema haya. Tulikwenda hivyo masika yote na kiangazi chote. Jumamosi moja, mwezi wa tatu wa masomo yetu, nilikuwa naweka kadi ya jembe mezani na ukasema, "Jembe." Wazi kabisa. Nilipiga kelele, Shangazi akaja mbio na mwiko mkononi akidhani umeanguka. Ukarudia mara nne. Jembe, jembe. Nilishuka mteremko ule nikiimba.

Jumamosi iliyofuata jembe halikuwepo. Ulilishika jembe lenyewe mkononi, maana nililileta kutoka nyuma ya nyumba, na ukaniangalia, ukasema haya.

Mwaka na miezi minne, Baba. Nilikuwa nahesabu maneno yako kama mgonjwa anavyohesabu vidonge. Tulipata jembe, tukalipoteza. Tukapata kuku, tukampoteza. Ulipata jina langu siku moja, wakati sikuwepo. Ulimwita Shangazi kwa jina langu, akanipigia simu, na nilipofika lilikuwa limekwenda. Mume wangu alianza kuniuliza kwa upole kama Jumamosi moja moja ningeweza kupumzika. Walimu wenzangu wakaacha kuuliza unaendeleaje. Shangazi ndiye aliyesema, akinifunga njegere kwenye mfuko wakati naondoka: "Mwanangu, unajichosha. Wewe njoo umwone tu. Umwache na hayo makaratasi." Nilimjibu vibaya. Sijamwomba radhi mpaka leo.

Sasa nifike kwenye Jumamosi ile. Masika yalikuwa yameanza. Niliteleza kwenye njia, nikaanguka kwa goti, sketi ikajaa tope, na boksi la kadi nyingine mpya nilizotengeneza wiki nzima likafunguka, kadi zikasambaa kwenye maji. Nilifika nimechelewa, nimelowa, nimekasirika kwa hasira isiyokuwa na mwenyewe. Ulikuwa umekaa. Nikakupa kikombe, si picha, kikombe chenyewe, na chai ndani. Nikasema hiki ni nini. Ukasema haya. Nikauliza tena. Haya. Nikauliza mara ya tatu kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia hata kwa mwanafunzi mtukutu, na chai ikakumwagikia kwenye shati.

Nikakwambia, "Baba, tunatwanga maji kwenye kinu."

Umekuwa unanisikiliza maisha yangu yote, lakini sijawahi kuona umenisikiliza namna ile. Ulinitazama. Halafu uliukunja mkono wako wa kushoto ngumi, ukaunyanyua, ukaushusha mezani. Ukaunyanyua tena, ukaushusha. Mara tatu. Vikombe vikatikisika. "Haya," ukasema.

Nilidhani unakubali. Nilidhani unasema ndiyo binti yangu, na wewe umechoka, na mimi nimechoka, ni kutwanga maji kweli, tuache. Nikalia, nikakufuta shati, nikaondoka kabla ya saa sita. Na moyoni, nikwambie ukweli kwa sababu sasa huwezi kunijibu, nilihisi nimetua mzigo.

Jumamosi iliyofuata barabara ilikuwa imekatika, mvua ilichukua kipande chini ya kona, na malori hayakupanda. Nikashukuru. Jumamosi ya pili ilikuwa bado. Jumamosi ya tatu barabara ilikuwa imefunguliwa, dereva akanipigia kuuliza kama naenda, nikamwambia nina mafua. Ya nne nikamwambia nina kikao. Ya tano hakunipigia. Nilikaa Mafiga, nikapaka rangi kucha, nikaenda kwenye harusi ya binti wa jirani, nikala pilau. Ya sita sikumbuki nilifanya nini, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko mengine. Ya saba Shangazi alinipigia alfajiri.

Tulikuzika. Watu walikuwa wengi, nusu ya mteremko ulifundisha wewe. Sikulia sana. Nilijiambia nililia tayari mwaka na miezi minne. Ilikuwa baada ya arobaini, tunafua mapazia, Shangazi akiwa upande mmoja wa beseni na mimi upande mwingine, ndipo akaniambia bila kuniangalia.

"Alikuwa anakaa," alisema. "Kila Jumamosi. Nimnyoe, nimvalishe shati. Anakaa hapo na boksi lake mpaka jua linageuka."

Nikamuuliza ulikuwa unamwambia nini.

"Nilimwambia barabara imekatika. Wiki mbili ilikuwa kweli. Zile nyingine nilisema hivyo hivyo, ningesemaje? Na yeye honi anaisikia. Anaisikia pale konani, anajinyoosha, anaangalia mlango. Namwambia, Kaka, barabara imekatika. Ananiambia haya."

Aliendelea kufua. Mimi niliingia ndani na sikutoka mpaka walipokuja kuniita kula.

Hiyo ni miaka miwili sasa, na sikuwa nimekanyaga hapa tena isipokuwa siku ya misa yako. Kila mwaka nimeandika nahau ile ubaoni na maana yake upande wa kulia, nikaendelea na inayofuata. Mpaka Jumatano hii mtoto aliponiuliza nani. Kwa hiyo leo nimekuja, na kabla ya kuja hapa kwako nimevuka mto kwenda kwa Mzee Pius.

Bado anachonga. Amezeeka, shoka analishika karibu na chuma chake, lakini bado anachonga. Nilimwamkia, nikakaa kwenye mabanzi pale ulipokuwa unakaa, nikamuuliza alikwambia nini kuhusu kinu na maji. Hakuhitaji kukumbuka. Alicheka.

"Mwalimu alinichosha kwa hilo," akasema. "Nilimwambia, kinu unachonga kwenye mti mbichi. Mti mkavu shoka haliingii. Sasa ukishakichonga ukakiacha, kinakauka haraka, kinapasuka. Kwa hiyo anayekipokea anaanza kukitwanga maji. Maji na pumba kidogo. Kila asubuhi, mwezi mzima, wengine miwili. Hupati unga, hupati kitu, unamwaga maji mekundu tu. Mpaka mti uzoee. Wageni wakipita wanakucheka. Ndipo siku nyingine unatia mahindi."

"Baba alisemaje?"

"Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema nina binti yangu mjini lazima aje aone hili." Halafu akapuliza vumbi kwenye makali ya shoka. "Kile kinu chake nilikileta akiwa hospitali. Mlikitwanga?"

Nilimshukuru nikavuka mto nikaja hapa. Na sasa nakiangalia. Kipo pembeni ya mlango, pale walipokiweka siku ile, wakati sisi tuko wodini. Hakuna aliyekigusa. Shangazi amekuwa akiwekea ndani vigunzi vya kuwashia moto, na kuku wake mmoja alitagia humo msimu mzima. Kimepasuka kutoka mdomoni mpaka karibu na kitako, ufa ambao naweza kuingiza vidole viwili. Miezi yote ile nilipita mlango huu kila Jumamosi na kadi mpya kwapani, kinu kikiwa hapa hapa kinakauka, na wewe umekaa ndani unajua, na huna neno la kuniambia.

Sasa sijui. Ngumi ile mara tatu mezani, ulikuwa unakubali tuache, au ulikuwa unaniambia twanga? Nimeigeuza kila upande. Nimeijaribu kwa mkono wangu wa kushoto, kwenye meza hii hii. Inaweza kuwa vyote viwili. Naweza kujidanganya kwamba ulikuwa unaniaga, lakini mtu aliyeaga havai shati la mikono mirefu Jumamosi sita.

Wala sitaki kujipa moyo wa bure kwamba ningeendelea ungezungumza. Daktari alisema pole tangu siku ya kwanza. Maji ni maji. Labda ningepanda mteremko huu miaka kumi na tungepata jembe na kulipoteza mara mia. Kamusi haikukosea, na mimi sikukosea ubaoni. Nilichokosea ni kudhani kwamba ulikuwa unasubiri neno.

Nimeinuka mezani nikatoa vigunzi. Nimechota maji kwenye ndoo ya Shangazi, nimeyamimina kwenye kinu chako, nimechukua mchi wake, nikatwanga. Pigo la kwanza maji yaliruka usoni. La pili yalikuwa yameshuka nusu. La tatu mchi uligonga mti mkavu, na maji yote yalikuwa chini, yanapita kwenye udongo kuelekea kwenye kabichi. Shangazi alisimama mlangoni kwake akanitazama. Nikamimina tena. Hakunikataza.

Jumatatu nitamkuta yule binti na dawati lake. Ninalo jibu la swali lake sasa, ulilitafuta miaka thelathini ukalipata, na ni zuri, kila mtu darasani angelipenda. Sidhani kama nitaweza kulisema. Naogopa nitafika kwenye maji mekundu na sauti itakatika mbele ya watoto arobaini. Labda nitamwandikia kwenye daftari lake kwa kalamu nyekundu. Labda nitamwambia kama nilivyomwambia, andika kama ilivyo ubaoni.

Madaftari yako nayachukua leo. Kinu nakiacha. Shangazi anasema atakipasua kuni masika yakija, nimemwomba asubiri, sijui asubiri nini.

Leo ni Jumamosi. Lori limepiga honi pale konani kama kawaida yake, saa nne kasoro. Barabara ni nzima, Baba. Ilikuwa nzima.

Haya.

Ni mimi binti yako,
Vero